Mayai ya Kula

Nilipofika kwenye matanga ya Mama Nafula mwaka jana, kijana mmoja wa boma lile aliniuliza mimi ni nani, na kabla sijajibu, mwanamke aliyekuwa akipakua chai akamwambia, "Huyu ndiye yule wa mayai ya kura." Wote waliokaa chini ya turubai wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu mgeni matangani hakatai kicheko, lakini nilizitazama nyuso zao moja moja nikitafuta ni nani anacheka kwa roho safi na ni nani anacheka kwa kuwa bado anaamini. Tabia hiyo ya kupekua nyuso za watu niliipata katika ploti ya huyo huyo marehemu, mwaka wa ndizi na chungwa, na haijanitoka. Kwa wale waliokuwa wadogo wakati huo, mwaka wa elfu mbili na tano nchi iliulizwa kama inaitaka katiba mpya, na kwa kuwa si kila mtu anasoma, ndiyo ilipewa picha ya ndizi na hapana ikapewa picha ya chungwa. Kwa miezi kadhaa hukuweza kumenya tunda barabarani bila mtu kukuhesabia uko upande gani.

Sitaeleza kwa nini Tata Njoki, dada ya baba yangu, alihama Kitale, wala kwa nini nilihama naye nikiwa nimemaliza darasa la nane na sina pengine pa kwenda. Nitaeleza vyumba, kwa maana vyumba ndivyo vilivyotuponza. Vilikuwa viwili, kwenye ploti ya Mama Nafula, nje kidogo ya mji wa Bungoma kwenye barabara ya Kibabii. Kile cha mbele kilikuwa na kitanda cha Tata, meza, na gunia la mahindi tulilokalia kama kiti. Cha nyuma kilikuwa changu mimi pamoja na jiko, ndoo za maji, na kuku yeyote aliyekuwa mgonjwa. Hakikuwa na dari. Ukuta uliotutenganisha na jiko la Mama Nafula uliishia chini ya mabati, ukaacha nafasi ambayo paka angeweza kupita, na kupitia hapo moshi wake uliingia kwetu na harufu ya vitunguu vyetu ikaingia kwake. Maneno nayo yalipita. Nilijua siku ambazo mwanawe alitaka pesa, nilijua dawa anazokunywa za miguu, na sina shaka yeye naye alijua kwamba Kitale hatukuwa na chumba cha kurudia. Nilikuwa msichana wa aibu, nisiyependa kuongea, na mtu asiyeongea husikia mengi hata asipotaka.

Kuku tulikuja nao kutoka Kitale ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Walikuwa wa kienyeji, wachache, na jogoo mmoja mwekundu aliyemchukia kila mtu aliyevaa gumbuti. Tata aliwajengea banda nyuma ya choo kwa vipande vya mbao alivyopewa na fundi, na walipozoea mahali wakaanza kutaga kama waliokuwa wamezuiliwa. Mwanzoni tulikula wenyewe. Tulikula mayai na ugali, mayai na githeri, mayai yaliyokaangwa na nyanya mpaka tumbo langu likaanza kukataa harufu yake. Ndipo Tata akasema yanayobaki yauzwe, na kwa kuwa yeye alikuwa akienda kulima vibarua, muuzaji nikawa mimi. Nilipanga mayai kwenye ndoo iliyojaa makapi ya mahindi na kupita nyumba kwa nyumba. Sikuweza kuita. Wauzaji wengine walipaza sauti kuanzia mbali, mimi nilisimama tu mlangoni na ndoo yangu mpaka mtu atoke na kuniona. Leo nikifikiria, naona jinsi nilivyoonekana: msichana mgeni, wa kutoka upande wa Kitale, amesimama mlangoni pa watu bila kusema kitu, na mwaka wenyewe ulikuwa ule.

Wanunuzi waliuliza jambo moja, na swali lao lilikuwa la haki. Ni mayai ya kula au ya kulalia? Yai la kulalia ni lile unalolinunua umwekee kuku wako alalie na kutotoa. Lazima liwe la kuku aliye na jogoo, tena lisiwe limekaa sana wala kutikiswa. La kula halina masharti hayo. Tata alikuwa na njia yake ya kuyatofautisha, njia aliyoikuta kwa mama yake na ambayo kila mwanamke anayefuga anaijua kwa namna fulani: mayai aliyoyachagua kwa kulalia aliyachora mkasi kwa makaa, mistari miwili inayokatana, hivi: X. Aliyoyaweka chini ya kuku wetu aliyachora hivyo pia, ili kuku mwingine akienda kutaga humo, yai jipya lijulikane kwa kukosa alama, liondolewe. Hakukuwa na siri hapo. Ni makaa tu, ukilowesha kidole yanafutika.

Mayai ya kula yalikwenda kwa walimu na wapangaji vijana. Wengi wa wanawake wazima wa hapo walinunua ya kulalia peke yake, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Siku moja mkwe wa Mama Nafula alikuja, akachinjiwa kuku, na mimi nilikuwa jikoni nikisaidia kupepeta wimbi. Mama Nafula aliupika ule mchuzi kwa ustadi kiasi kwamba mate yalinijaa, akaupeleka wote mbele kwa wageni, na yeye akakaa chini na ugali wake na mboga ya mrenda. Nilimuuliza mbona hajajiwekea hata shingo. Akasema wao walipolelewa mwanamke hali kuku, na yai ndilo haligusi kabisa. Nikauliza kwa nini. Akasema mwanamke akila yai anazaa watoto wasio na nywele. Wiki nyingine nikamuuliza tena, akasema yai linamfanya mwanamke awe mwizi. Mara ya tatu akaniambia niache kuuliza, hajui, na mama yake hakujua, lakini hajawahi kuliweka mdomoni na hataanza uzeeni. Wasichana wa siku hizi wanakula, akasema, na hakusema kama ni vizuri au ni vibaya.

Jirani yetu wa upande wa pili alikuwa Mama Simiyu, aliyeuza matunda mbele ya lango. Mwaka huo ulimtesa. Akipanga ndizi mbele, wa chungwa walipita wakimrushia maneno. Akipanga machungwa mbele, wa ndizi walimuuliza amelipwa na nani. Mwishowe akawa anaweka ndizi upande mmoja wa meza na machungwa upande mwingine na maparachichi katikati, kama askari wa kuamua ugomvi. Alikuwa akinitazama napita na ndoo na kuniambia, "Wewe una bahati. Yai halina upande." Alilisema jambo hilo mara nyingi, huku akicheka, na kila aliporudia nilizidi kujiuliza anataka kusema nini. Nilikuwa nimeshaanza kuwa hivyo.

Sasa nieleze jambo la ndimi, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Tata Njoki, kama watu wengi wa kwetu, hakuwa na L. Yake yote ilikuwa R: arikura, arirara, akaenda Kitare. Mama Nafula alikuwa nazo zote mbili, lakini zilihamahama, leo ziko hapa kesho ziko kule. Aliniita Nyambula badala ya Nyambura, na Tata alimwita Mama Nafura, na hakuna aliyejali, kwa sababu jina likipinda kidogo bado linamfikia mwenyewe. Mimi nilifundishwa tofauti hiyo shuleni kwa fimbo, na naijua, ingawa nikiogopa inanitoka. Kwa Tata haikuwa suala la ulimi peke yake. Hata sikio lake halikuisikia.

Jioni moja nilikuwa nikichambua maharagwe chumbani kwangu, na Tata alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la Mama Nafula akimrudishia ungo. Mama Nafula alikuwa akisonga ugali. Niliwasikia juu ya ukuta kama waliokuwa mbele yangu. Walizungumza habari za mvua, halafu za bei ya sukari, na halafu Mama Nafula, kwa sauti ya mtu aliyelibeba swali hilo siku nyingi, akasema, "Na wewe Mama Mayai, kula yako iko wapi?"

"Kura yangu?" Tata akasema. "Iko hapa hapa. Nitaenda wapi?"

"Hapa Bungoma?"

"Hapa hapa kwako. Asubuhi na jioni."

"Na huyu msichana?"

"Huyu? Huyu ndiye anakura kunishinda. Yeye ni mara mbiri, mara tatu."

Nikasikia mwiko ukisimama ndani ya sufuria. Tata naye lazima aliona kitu usoni pa mwenzake, kwa sababu aliongeza kwa haraka, akitaka kumfurahisha, kwamba hata mayai yakiisha hatuwezi kukosa kura, Mungu ni mwema. Baada ya muda mwiko ukaanza tena, lakini polepole, na Tata akaaga.

Nilielewa nikiwa bado nimeshika maharagwe mkononi. Mama Nafula alitaka kujua tumejiandikisha kupiga kura wapi. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba kuna wageni wanaletwa kutoka sehemu nyingine wapange vyumba ili wapige kura mahali pasipo pao, na yeye alikuwa amepata jibu lake: tunapiga hapa, na msichana anapiga mara tatu. Tata aliporudi nilimweleza. Nilimwambia aliulizwa kura, yeye akajibu kula. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu mwenye homa. "Si ndiyo nimemwambia? Ameniuriza kura, nimemjibu kura." Nilijaribu mara ya pili, nikaonyesha kwa kidole mdomo, nikaonyesha kwa kidole karatasi. Akasema nikalale.

Asubuhi nilijipa moyo nikaenda mwenyewe kwa Mama Nafula. Nilimwambia kwamba Tata jana alikuwa akizungumza habari za chakula, na kwamba kadi yake ya kura iko Kitale, na mimi sina hata kitambulisho. Alikuwa akiosha miguu yake kwenye karai, na hakuinua kichwa. Akaniuliza ni nani aliyeniambia walichozungumza. Nikasema nilisikia nikiwa chumbani kwangu. Akasema, "Kwa hivyo ukuta unasikiza," akaendelea kuosha miguu. Siku hiyo hiyo alichukua gunia akaliziba lile pengo la juu ya ukuta kwa upande wake, na tangu hapo sikusikia tena mambo ya jiko lake, isipokuwa sauti bila maneno. Kusikia sauti bila maneno ni kubaya zaidi. Kila sauti niliijazia maneno yangu.

Sikujua na mpaka leo sijui ni nani aliyeitoa habari hiyo nje ya ploti. Kwa muda nilimshuku Mama Nafula, halafu nikamshuku Mama Simiyu, halafu mwenye duka aliyetuuzia mafuta ya taa. Najua tu kwamba milango ilibadilika. Mwalimu mmoja aliyenunua mayai kila wiki alitoka, akachungulia kushoto na kulia kabla ya kuchukua, na wiki iliyofuata hakutoka kabisa ingawa redio yake ilikuwa ikisema ndani. Kijana wa baiskeli aliniuliza njiani kwa kicheko, "Leo unagawa?" Nikamwambia sigawi bure. Akasema anajua si bure. Bibi mmoja aliyekuwa amenunua mayai ya kulalia alinirudishia yote kwenye bakuli, na nilipomuuliza kama yameoza alisema hayajaoza, yameandikwa. Sikumwelewa. Nilifikiri labda lugha imempiga chenga. Niliyarudisha nyumbani, na Tata akamsema vibaya yule bibi, akasema mtu hawezi kukataa yai kwa sababu ya makaa.

Katika siku hizo hizo walikuja watu na kipaza sauti juu ya gari, kufundisha namna ya kupiga kura. Nilisikia kutoka bandani nikiwa nafagia kinyesi. Walisema karatasi itakuwa na picha mbili, na kwamba mtu achague picha moja, kisha aweke alama ya X. Walirudia: alama ya X, si kidole, si jina lako. Nilikuwa nimeinama. Mbele yangu kuku wetu mweusi alikuwa amelalia mayai kumi na mawili, na lile lililochungulia chini ya ubawa wake lilikuwa na X nyeusi, nzuri, iliyonyooka. Nilikaa chini pale pale kwenye kinyesi.

Nilimwambia Tata tufute. Akakataa, akasema ataondoaje mayai mapya bila alama, na kwamba mikasi ya makaa ilikuwako kabla ya ndizi na chungwa. Kwa hilo alikuwa na haki. Hata hivyo usiku nililala nikisikiliza lango.

Walikuja Jumapili baada ya kanisa, mchana kweupe, wamevaa nguo za ibada. Mbele alikuwa Mzee Barasa, mzee wa mtaa, mtu mpole aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, na nyuma yake vijana kadhaa, na wanawake, Mama Simiyu akiwa mmoja wao. Mama Nafula alitoa viti, kwa kuwa ploti ni yake, halafu akakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jiko. Mzee Barasa alifungua leso ya mkononi polepole. Ndani yake mlikuwa na yai. Aliliweka juu ya kiti kitupu, kama mgeni, akamuuliza Tata hilo ni nini. Tata akasema ni yai. Vijana wakacheka, na Mzee akawatazama mpaka wakanyamaza.

"Na hii iliyo juu yake?"

"Ni arama," Tata akasema. "Mimi ndiye nimeweka."

Watu wakanong'ona. Mzee akamuuliza, kwa upole ule ule, kama ni kweli kwamba yeye husema kwa watu haya ni mayai ya kura. Tata alifurahi kupata nafasi ya kueleza. Alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mzee, hapana. Umeambiwa vibaya. Hiyo yenye arama si ya kura. Hiyo ni ya kuraria. Ya kura ni zire hazina arama."

Nilimwona Mzee Barasa akikasirika kidogo kidogo, kama maji yanavyopata moto. "Mama," akasema, "kura isiyo na alama imeharibika. Hata mtoto wa nasari ameshafundishwa. Usinichezee mbele ya watu."

Tata akasema hachezi, na kwamba kama anataka kuhakikisha, aje kwenye banda aone, ya kura yako huku na ya kuraria yako kule, hata jogoo anajua. Mmoja wa vijana akasema kumbe hata jogoo amejiandikisha, na kicheko kilichotoka safari hii kilikuwa kibaya. Hapo nikasimama. Nilisema, "Mzee, anasema kula. Kula. Kuweka mdomoni." Nililisema vizuri, L yangu ikasimama wima, mwalimu wangu wa Kitale angefurahi. Mzee Barasa akawageukia wenzake.

"Mnasikia? Huyu anajua tofauti. Na wanalala nyumba moja. Kama huyu anajua, yule mwingine atakosaje kujua?"

Nikakaa. Mzee akasema yeye hana chuki na mtu, ila amani ya mtaa ni kazi yake, na kwa hivyo anaomba turudi Kitale mpaka kura ipite. Tukirudi baadaye hakuna ubaya. Alisema kwa heshima. Alimtazama Mama Nafula akimaliza, kwa maana mwenye ploti ndiye aliyepaswa kutamka, na Mama Nafula alikuwa akitazama miguu yake iliyovimba.

Tata hakumsubiri. Aliingia ndani, akatoka na sufuria ya mayai aliyokuwa amechemsha kwa chakula cha mchana, akaiweka mbele ya Mzee. Akamwambia achague lolote, ale, ndipo atajua ni ya nini. Mzee Barasa akaweka mikono nyuma ya mgongo. Tata akawapelekea vijana, nao wakarudi nyuma hatua. "Usiguse," mmoja akamwambia mwenzake, "ukikula hiyo umeuza kura." Akampelekea Mama Simiyu, aliyekuwa na watoto wanaopenda mayai na aliyenunua kwetu tangu tuanze kuuza, na Mama Simiyu akasema ameshiba. Tata alizunguka na sufuria ile mbele ya watu wote, na mvuke ukitoka, na hakuna mkono ulionyooshwa. Nilimwona kwa mara ya kwanza akianza kuogopa.

Mama Nafula aliinuka kwenye kigoda kwa kushikilia mlango. Aliingiza mkono ndani ya sufuria, akatoa yai lisilo na alama, akaligonga kwenye fremu ya mlango. Alilimenya vibaya, kama mtu ambaye hajawahi kumenya, akibandua nyeupe pamoja na ganda, mpaka lilipobaki dogo na lenye mabonde. Wanawake wa rika lake waliinua vichwa. Mzee Barasa aligeuza uso pembeni kabisa, kama mtu aliyekutana na mama mkwe wake kwenye njia nyembamba. Naye akalitia lote mdomoni. Hakukuwa na chumvi. Alitafuna macho yakiwa yamefumba, kiini kikamkwama, akakohoa, akakataa maji niliyomletea, akameza. Vipande vingine bado vikiwa mdomoni akasema neno moja, na hata mimi niliyesimama karibu naye sikusikia kama lilikuwa nimekula au nimekura.

Kijana mmoja nyuma akasema, "Sasa na mama amehongwa."

"Kwa yai moja?" Mama Nafula akamjibu akipangusa mdomo. "Wewe Wekesa, unaniona mimi ni wa yai moja?"

Watu wakacheka, na kicheko kilipokwisha kikao hakikuwa tena na sura ya kikao. Mzee Barasa alikunja leso yake, akaliacha lile yai juu ya kiti. Aliniambia mimi, wala si Tata, kwamba atakuwa akitutazama. Wanawake waliondoka wakimzungumzia Mama Nafula, wengine wakisema ana moyo, wengine wakisema si bure, mtu hawezi kuvunja mwiko wa mama yake kwa ajili ya wapangaji asipopewa kitu. Nami nilijiuliza. Nilimshuku kwamba alikula kwa ajili ya kodi ya nyumba. Nilimshuku kwamba alikula kwa aibu, kwa kuwa ndiye aliyetoa maneno jikoni mwake. Sijawahi kupata sababu ninayoiamini, na sasa amezikwa.

Jua lilipopoa siku hiyo, Mama Nafula alitoka tena, akasimama mbele ya Tata aliyekuwa akiosha sufuria, akamuuliza kwa sauti ya chini swali lile lile. "Sasa niambie ukweli, tuko wawili. Kula yako iko wapi?" Mimi nilikuwa wa tatu, lakini hakunihesabu. Tata alifikiri. Nadhani yale niliyomwambia usiku ule yalikuwa yamemfikia kwa kuchelewa, kwa sababu alinyoosha mkono mmoja upande wa kaskazini na mwingine akauweka tumboni. "Kura yangu iko Kitare," akasema, "na kura yangu iko hapa." Maneno yote mawili yalitoka sawa. Mama Nafula akauliza ya Kitale ni ipi. "Hiyo ni ya karatasi," Tata akasema. "Ya hapa ni ya sahani."

Mama Nafula aliutazama ule mkono uliokuwa tumboni. "Basi kaeni," akasema. "Lakini mayai yasiwekwe alama tena. Hata moja."

Tuliyafuta yote usiku huo kwa kitambaa chenye maji, hata yale yaliyokuwa chini ya kuku mweusi, naye akanidonoa mikono. Kuku wengine waliendelea kwenda kutaga kwake kama desturi yao, na hatukuweza tena kujua lipi ni la leo na lipi limelaliwa wiki mbili. Tuliyainua dhidi ya taa ya koroboi, tukayatikisa karibu na sikio, tukakisia. Kura ikapita, watu wakaanza kumenya matunda bila hofu, na wateja wangu wachache wakarudi, Mama Simiyu akiwa wa kwanza. Ndiye aliyevunja yai letu kwenye karai lenye mafuta ya moto, wanawe wakiwa wamekaa na sahani, akakuta kifaranga chenye manyoya. Hakupiga kelele. Alikitoa kwa kijiko, akakifunika kwa gazeti, akakileta mpaka kizingiti chetu akakiweka hapo, akarudi kwake. Kufikia kesho yake hakuna mlango uliofunguliwa tena kwa ndoo yangu.

Tata alikizika nyuma ya banda. Kisha akaniambia niingie ndani nimletee kaa la kuchorea, lililo jembamba, lenye ncha. Nililichukua jikoni nikatoka nalo. Mama Nafula alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, miguu ndani ya karai, akinitazama mkono. Nililirudisha jikoni.